Bwawa Kwenye Nduma za Mama

Baba yangu alikuwa mtegaji wa fuko. Kazi yenyewe si ya kujivunia kanisani, lakini kwetu upande wa Gakindu, mtu ambaye fuko wanamlia viazi chini kwa chini hana usingizi, na siku baba akiitwa alipokelewa kwa chai ya maziwa kuliko hata pasta. Alibeba fito la kukunja, uzi, na kopo la zamani lisilo na kitako. Kopo linaingia kwenye njia ya fuko, kitanzi kinakaa ndani ya kopo, fito linakunjwa mpaka linalia. Fuko akija kusukuma udongo anakata uzi, fito linaruka, naye anabaki amekabwa huku miguu ikichora hewa. Nilipenda sana kuangalia hiyo miguu. Nasema ukweli, mtoto si malaika.

Jambo moja alinifundisha kwa kofi: ukishatega, ondoka. Usikae pale kama mtu anayengoja chai. Fuko, baba alisema, anasikia mguu wako ukiwa bado unafikiria kutembea. Basi mimi nikakua nikijua kwamba kungoja ni kwenda zako, ukarudi baadaye kuona Mungu amefanya nini.

Sasa, siku moja baba alikuja nyumbani na fuko mzima ndani ya gunia. Sisi tulikuwa wavulana wawili, ndugu yangu mkubwa na mimi, na kulikuwa na maneno ya shule, na baba alikuwa na uwezo wa kusomesha mmoja tu. Akafungua gunia akamwambia ndugu yangu, "Shika." Ndugu yangu akaingiza mkono, fuko akamuuma, akamrusha kule, akalia mpaka kamasi zikaingia mdomoni. Baba akamkanyaga fuko mkia asitoroke, akaniambia mimi, "Shika." Nikamshika. Aliniuma hapa, kati ya kidole gumba na kile kinachofuata, na meno ya fuko ni marefu kama misumari, lakini sikuachilia. Nilimwangalia ndugu yangu akilia, nami nikacheka huku damu inadondoka.

Baba alifurahi sana. Nikajua nimeshinda. Jioni tukiwa tunakula nikamsikia akimwambia mama, "Huyu mdogo ana mikono. Atabaki na mimi. Huyu mwingine hana mikono, afadhali tumpeleke shule."

Mama alikuwa akimenya nduma, yale magimbi yake.

Hizo nduma ndizo zinanifikisha kwenye maneno ya samaki, maana bwawa lilikuja kuchimbwa pale pale zilipokuwa. Mama alizipanda bondeni chini ya kahawa, kwenye majimaji, na alikuwa akiingia humo mpaka magoti, akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti mbaya. Alipokufa hakuna aliyezipalilia. Mimi wakati huo nilikuwa Doldol, mbali sana na kahawa, nikiswaga mbuzi za watu sokoni, na huko ndiko nilikozeekea. Ndugu yangu alisoma, akapata kazi ya afisi mjini Nyeri, akastaafu na kitambi na jino la dhahabu. Shamba la baba lote liliandikwa jina lake. Si kwamba aliiba. Siku ya kuandikisha, baba alimchukua yule anayejua kusoma, akasema ni la wote wawili, karatasi ikasema ni la mmoja. Karatasi haina masikio.

Magoti yangu yalipokataa kutembea na mbuzi, na mke wangu alikuwa ameshatangulia, nilishuka kwa binti yangu, mjini Ruring'u. Ana chumba kimoja, yeye na bwana yake. Wakanitengea kona nyuma ya pazia. Kwa mtu asiye wa kwetu hilo si neno, lakini kwetu baba mkwe kulala chini ya paa la mkwe wake ni aibu ambayo haisemwi hata kwa daktari. Na huyo mkwe ni mtu mzuri, hapo ndipo taabu ilipo. Angekuwa mbaya ningelala vizuri. Alikuwa akikohoa kidogo kabla ya kugeuka kitandani, ili nisije nikasikia kitanda kikilia bila taarifa. Nami nakohoa kumjibu kwamba bado niko macho. Tulikoholeana hivyo kama watu wawili wenye kifua kibovu.

Ndiyo maana nikaenda kwa ndugu yangu. Sikwenda kudai shamba. Nilitaka mahali pa chumba kimoja cha mabati, na mlango unaofungwa kutoka ndani.

Nilimkuta amekaa juu ya kiti cha plastiki kando ya bwawa kubwa, pale kwenye nduma za mama. Kulikuwa na benchi za wageni, jiko la kukaangia, na watu wa mjini waliokuwa wakija Jumapili baada ya kanisa kujivulia samaki wao na kukaangiwa. Akanisikiliza. Nilipomaliza akaniuliza, "Wewe unajua kuvua samaki?"

"Sijawahi hata kumshika."

"Basi jifunze. Nataka mzee wa kukaa na wageni, awaonyeshe kushika mwanzi wa kuvulia. Watu wa mjini wanapenda mzee. Ukishika samaki mmoja kwa ndoano, mbele ya wageni, siku hiyo hiyo nakupimia mahali. Nakupimia mwenyewe kwa mkono wangu."

"Kweli, mwana wa mama?"

"Mungu ananisikia."

Shemeji yangu, mke wake, alikuwa akipara magamba ya perege hapo karibu. Aliinua macho akamwangalia bwana yake, akarudi kwenye magamba yake. Nilifikiri ni huruma. Nikapewa mahali pa kulala kwenye stoo ya kahawa, na koti langu nikalitundika kwenye msumari.

Lazima niseme kitu kuhusu samaki. Sisi tulilelewa tukijua samaki ni nyoka aliyekosa bahati. Hakuna aliyekula. Nyanya yangu alikuwa akipita dukani kwenye omena, wale dagaa wa ziwani, anaziba pua kwa khanga na kutema mate. Hata Doldol, wale Wamaasai niliokaa nao hawataki kumwona. Kwa hivyo siku ya kwanza ndugu yangu aliponiwekea kambare mkononi, mwenye ndevu, hana magamba, anateleza kama makamasi na anakoroma (kambare anakoroma akitolewa majini, kama mtu mwenye pumu), nilipiga kelele nikamrusha. Mimi niliyeshika fuko.

Ndugu yangu alicheka mpaka akashika mti. "Haiya! Mwenye mikono ndiye huyu?" Kisha akamwonyesha samaki kwa kidole. "Okota."

Nikaokota. Nikaangusha. Nikaokota.

Mafunzo yenyewe yalikuwa ya Jumapili, wageni wakiwa wamejaa benchi, ingawa bwawa lilikuwa pale wiki nzima. Nilimuuliza kwa nini tusijaribu Jumanne, akasema mtu hujifunza akiangaliwa. Alinifundisha kutundika mnyoo kwenye ndoano, na kuangalia kipande cha slipasi kuukuu, ndala ya mpira, kinachoelea juu ya maji kuonyesha kama samaki anavuta. "Angalia hicho kipande. Kikizama, vuta." Ni hayo tu. Mtoto anaweza. Lakini macho yangu hayakuzoea kukaa mahali pamoja. Nikiangalia maji kidogo, kichwa kinaniambia ondoka, unamtisha mnyama. Naamka, napanda kwenye kahawa, nikirudi mnyoo umeliwa na ndoano iko uchi.

"Mzee ameenda kumshtaki samaki kwa chifu!" aliita mmoja wa wageni. Hao walikuwa wengi wao wazee waliofanya kazi afisini na ndugu yangu, na wake zao.

"Mwacheni," ndugu yangu akawaambia. "Huyu alisomea fuko. Ana digrii ya mashimo."

Wakacheka, nami nikacheka nao. Mtu anayetaka mahali pa kujenga hucheka upesi.

Jumapili iliyofuata alitaka kunionyesha kurusha. Akasimama nyuma yangu, akazungusha mwanzi, na ile ndoano ikanishika sikio. Ndoano ya samaki ina kijino kwa nyuma: inaingia, haitoki. Sijui kama alikusudia. Nimefikiria miaka hii na bado sijui. Lakini najua alichofanya baadaye. Hakuachilia uzi. Aliuvuta polepole, nami nikaenda nyuma nyuma nikifuata sikio langu, mikono juu, mpaka mbele ya benchi.

"Jamani, leo nimeshika mkubwa!" akasema. "Tumkaange ama tumrudishe akue?"

"Mrudishe, ana mifupa mingi!" akajibu mwanamke mmoja aliyevaa kofia ya kanisa, na soda ikamtoka puani kwa kucheka.

Shemeji akaja na koleo. Akakata kijino, akaitoa ndoano, akanipaka chumvi. Alikuwa na mikono ya harufu ya samaki, na alinifanyia taratibu sana. Nilimwambia asante. Akaninong'onezea, "Shemeji, rudi kwa binti yako."

"Huko kuna pazia," nikamwambia. Hakuelewa, nami sikumweleza.

Kulikuwa na kambare mmoja wa pekee katika lile bwawa, mama wa kambare wengine wote, mzito kama mbuzi mchanga. Ndugu yangu alimlisha mkate kwa mkono. Alikuwa anakuja juu akiitwa, anafungua hilo domo lake pana, na ndugu yangu anamkuna kichwa kwa kidole na kuongea naye. Sikuwahi kumsikia akiongea na mtu kwa sauti ile. Vifaranga wote wa kuuza walitoka kwake. Wageni walikatazwa upande wake wa bwawa, kwenye kina, chini ya mti wa makadamia.

Mimi niliwekwa kona ya pili, penye matete. Jumapili baada ya Jumapili, hakuna hata mguso. Wageni waliokuja siku hiyo hiyo, watoto wa shule ya chekechea, wanashika samaki, na mimi kipande cha slipasi kinalala juu ya maji kama mgonjwa. Nikaanza kuomba. Nikaanza kuota hicho kipande kikizama. Huko Ruring'u binti yangu akanipigia simu kuuliza kama nimeshapimiwa, kwa sababu alikuwa amenitafutia mabati yaliyotumika, nami nikamwambia bado kidogo, niko karibu sana.

Halafu Jumapili moja niliamka mapema, mapambazuko, nikashuka bondeni kuchimba minyoo. Nikamkuta ndugu yangu amevaa gambuti, amesimama kwenye kona yangu ya matete na beseni. Alikuwa akimwaga chakula cha samaki. Maji yalikuwa yanachemka kwa samaki, wanakula wanapandiana migongo. Beseni zima. Ndipo nikafahamu kwa nini ninaketi mbele ya samaki walioshiba.

Akaniona. Hakushtuka. Alimalizia kumwaga, akagonga beseni kwenye goti chembe za mwisho zitoke.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Basi ndiyo hivyo."

Nikamuuliza kwa nini. Akakaa juu ya beseni, akatazama maji. "Ile siku ya fuko," akasema, "ulicheka. Mimi nikapelekwa bweni, nikachapwa kila siku na mtu ambaye si baba yangu, na wewe ukabaki hapa ukila nduma za mama. Nilikuwa nikifunga macho nakuona ukicheka."

"Mimi ndiye niliyeachwa," nikamwambia. "Wewe ulipewa kila kitu."

"Ulicheka," akasema tena. Akainuka. "Lakini maneno yangu ni yale yale. Ukishika mmoja, nakupimia. Wageni wanakuja saa saba. Vaa shati safi."

Mtu mwenye akili angechukua koti lake saa hiyo. Mimi nilivaa shati safi.

Lakini nilipokuwa nafunga vifungo nikawaza: kama kuvua kumenishinda, kutega hakujanishinda. Nikakata fito bichi. Nikachonga vijiti. Hata nilipokuwa nafanya hivyo mikono yangu ilifurahi, kama mbwa wanaoitwa jina lao. Wageni walipofika na ndugu yangu akapanda barabarani kuwaelekeza waegeshe magari, nilizunguka mpaka upande uliokatazwa, chini ya makadamia. Nilichomeka fito ardhini, nikalikunja mpaka likalia, nikafunga uzi wa ndoano, nikatundika minyoo mingi kama ndizi kwenye mkungu, nikaweka kijiti cha kushikilia ambacho mvuto mdogo tu unakiachilia. Sikuwa nimemlenga yule mama. Nilitaka samaki yeyote mwenye njaa, na mwenye njaa angekuwa upande ule ambao haukulishwa. Ndivyo nilivyopiga hesabu.

Halafu nikaondoka. Mtegaji haketi. Nikapanda kwenye kahawa nikakaa chini ya mti mmoja, nikawa naangalia mikono yangu.

Nilisikia kwanza mlio wa fito. Unaujua huo mlio mpaka kufa kwako. Kisha nikasikia mwanamke akipiga kelele, halafu wengi.

Niliposhuka wote walikuwa wamesimama. Yule kambare mkubwa alikuwa ananing'inia hewani, juu ya maji, mdomo umechanika mpaka kwenye shavu, anazunguka polepole, upande huu na upande ule. Fito lilikuwa linainama na kuinuka. Kambare hafi upesi. Anapumua hewa kama sisi. Alikuwa anakoroma, na tumbo lake limejaa mayai, na mayai mengine yalikuwa yanadondoka majini moja moja, na wale watoto wake wa chini walikuwa wanakuja juu kuyala.

"Ngai, ni kama mtu amejinyonga," akasema mwanamke wa kofia.

Ndugu yangu alikuwa amefika mpaka ukingo wa maji. Nikakata uzi, nikamlaza kambare kwenye nyasi, nikafanya vile baba alivyonifundisha kwa mnyama anayeteseka: nikachukua jiwe, nikampiga kisogoni. Pigo la kwanza halikutosha. Ana kichwa cha mfupa. Niliendelea. Mtu mmoja akaziba macho ya mke wake.

Nikainuka na shati langu safi likiwa limejaa damu na ute. Nilimwambia ndugu yangu, Mungu anisamehe, nilimwambia kwa furaha, "Nimeshika. Mbele ya wageni. Kwa ndoano."

Ndugu yangu alimwangalia samaki wake. Akainama, akamgusa kichwa kwa kidole, pale alipokuwa akimkuna. Alipoinuka uso ulikuwa umetulia kabisa.

"Ni kweli," akasema. "Mmeona wote? Ameshika. Nami niliapa." Akaokota vile vijiti vyangu nilivyochonga. "Twende nikupimie, mwana wa mama. Njooni, wageni. Njooni mshuhudie."

Tulipanda wote, yeye mbele, mimi nyuma yake, na wageni na soda zao. Magoti hayakuniuma hata kidogo. Alipita nyumba yake, akapita stoo, akafika pembeni mwa shamba, mahali pazuri, penye nyasi, karibu na makaburi ya baba na mama. Nikawaza: amenipa karibu na wazazi. Nikawaza mlango nitauelekeza wapi.

"Lala," akasema.

"Nilale?"

"Lala chini nikupime. Nyumba inapimwa na mwenyewe. Nijue kitanda kitaingia."

Nikalala. Nililala chali kwenye nyasi, mikono nimeiweka kando, nikanyoosha miguu vizuri nisije nikapunjwa. Nilisikia harufu ya kambare kwenye mikono yangu. Ndugu yangu akapiga kijiti kimoja juu ya kichwa changu kwa jiwe. Akaenda miguuni akapiga cha pili. Akapiga kimoja kwenye bega hili, na kimoja kwenye bega lile, karibu sana, kijiti kikanigusa shati.

Akarudi nyuma akaangalia.

"Inakutosha," akasema. "Hii hakuna mtu atakunyang'anya."

Mtu mmoja alianza kucheka, kisha wengine wakamfuata. Hawakuwa wengi, lakini walitosha. Mwanamke wa kofia alikuwa anatazama chini. Shemeji alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na kisu cha magamba, na sikuweza kuona uso wake kwa sababu ya jua.

Nilikaa kidogo pale chini. Mbingu ilikuwa nzuri, nakumbuka, na Mlima Kenya ulikuwa wazi mpaka kwenye theluji, jambo ambalo saa hiyo ya mchana ni nadra. Halafu nikajiinua kwa goti moja, nikapangusa nyasi mgongoni mahali mkono unafika. Nikatoka katikati ya vile vijiti kwa kuangalia nisivikanyage. Nikapita kati ya wageni. Walinipisha.

"Sasa unaenda wapi?" ndugu yangu akaita. "Chakula kiko tayari! Utamwacha nani amle samaki wako?"

Nilifika kwenye kahawa, nikafika barabarani, nikashika njia ya kwenda sokoni. Sikwenda Ruring'u. Jioni nilikuwa Nanyuki, na kesho yake Doldol, kwa mbuzi za watu, magoti yapende yasipende, na sijarudi. Koti langu liko kwenye ule msumari wa stoo ya kahawa, kama hawajalitupa.